Paka wa Bibi na Kifua Changu

Sisi tuliokulia Ufipa enzi za Mwingereza, baridi hatukusimuliwa. Mwezi wa sita tuliamka majani yote yameloa, ukitoa pumzi unafuka kama chungu cha maharage, na bado maji tuliyafuata kijitoni pekupeku. Leo wajukuu zangu hapa Malangali wanavaa makoti mawili ndani ya nyumba yenye vioo madirishani, halafu wananiambia, "Bibi, leo baridi balaa!" Nawatazama tu. Baridi gani hiyo, na mkononi una soda ya kutoka kwenye friji?

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Mnakumbuka ugali wa ulezi, mweusi, mzito, ukiula asubuhi mchana bado umeshiba? Mnakumbuka kina mama wakipura ulezi kwa fimbo, vumbi lake likituwasha shingoni na sisi hatuondoki kwa sababu mchezo umekolea? Tulicheza mdako mpaka vidole vikachubuka. Tulicheza rede kwa mpira wa matambara. Na kombolela, jamani! Mimi kwa kujificha nilikuwa hodari kuliko wavulana wa kijiji kizima, na sisemi hivyo kujisifu, ukweli ni ukweli. Tatizo langu lilikuwa moja tu. Nikishajificha, napiga chafya. Siyo moja, saba au nane mfululizo. Anayenitafuta hana haja ya kunitafuta, anakuja moja kwa moja akicheka.

Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Naamka macho yamevimba na yanawasha, pua inachuruzika, kifua kimebana na ndani yake kuna kitu kinapiga filimbi. Jua likishapanda nikawa nje na wenzangu, taratibu kinaachia. Jioni nikirudi ndani, tunaanza upya. Nilizoea hivyo tangu nikiwa na miaka minane au tisa, na kila mtu alijua ugonjwa wa Anastazia ni baridi.

Kwetu watoto wa kike tulilala kwa bibi. Nyumba ya Bibi mzaa baba ilikuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wangu, chumba kimoja cha udongo na nyasi, moto katikati. Humo tulilala watatu: Bibi, mimi, na paka. Paka huyo tulimwita Askari, maana kazi yake ilikuwa kulinda. Bibi alikuwa na vihenge viwili vya ulezi pale nje, na kapu la mbegu ndani, na hakuna panya aliyethubutu. Dume kubwa la kijivu, sikio moja limechanika kwa ugomvi, akitembea utadhani yeye ndiye anayekusanya kodi. Tangu babu alipofariki, Askari ndiye aliyelala miguuni kwa Bibi akimpasha moto.

Sasa sikilizeni kosa letu. Bibi alijua kwamba kifua cha mtoto kimeingiwa na baridi, na dawa ya baridi ni joto. Alinifukiza majani ya mkaratusi chini ya blanketi mpaka nikatoka jasho. Alinipa asali. Alinipaka mafuta mgongoni. Yaliposhindikana yote, alitoa kitu chake cha thamani kuliko vyote. Alimtoa Askari miguuni kwake, yeye mwenyewe akabaki na miguu ya barafu, akamlaza paka juu ya kifua changu. "Paka ana moto mwilini," alisema. "Mkumbatie, mjukuu wangu. Atakunyonya baridi yote."

Nami nilimkumbatia! Nilimpenda yule paka, nisiseme uongo. Nilizamisha uso wangu kwenye shingo yake, anakoroma, nami nakoroma kwa ugonjwa, tunakwenda pamoja hivyo hivyo. Kadiri nilivyozidi kuumwa ndivyo Bibi alivyozidi kunisogezea Askari. Mwaka ule wa darasa la nne nilikonda nikawa kama ufito.

Hapo ndipo alipokuja Sista. Shule ya bweni ya wasichana ilikuwa ya misheni, mbali na kwetu, na nafasi za kuingia darasa la tano zilikuwa chache. Mwalimu wetu alikuwa amempa jina langu, kwa sababu hesabu niliziweza na sikuwa na haya ya kuuliza. Sista alikuwa Mzungu mrefu, anazungumza Kiswahili cha kunyoosha. Tukamsalimu, "Tumsifu Yesu Kristo!" Akaitikia, "Milele amina." Akanisomesha kitabu, akanipa hesabu mbili, akatabasamu. Halafu nikakohoa.

Nilikohoa mpaka nikashika ukuta. Sista akaweka sikio mgongoni pangu, akasikiliza ile filimbi, na tabasamu likamtoka. Mwaka uliotangulia binti mmoja wa kijiji cha jirani alirudishwa nyumbani kwa kikohozi, wakihofia kifua kikuu, na nafasi yake akapewa mwingine. Sote tulilijua hilo.

"Binti ana akili," Sista alimwambia baba. "Lakini bweni moja wanalala arobaini. Siwezi kuwaletea kifua cha namna hii. Nitarudi mvua za kwanza zikianza. Nikimkuta amepona, nitamchukua. Nikimkuta hivi, nafasi ataipata mwingine."

Kwa hiyo nilikuwa na kiangazi kimoja. Usiku ule sikulia, nilikasirika. Nilikasirikia kifua changu kama vile ni mtu aliyenichokoza.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila kiangazi alishuka bondeni, Milepa, kubadilisha ulezi na maharage kwa samaki wakavu wa Ziwa Rukwa. Safari hiyo alinichukua, akaniacha kwa shangazi kule kwenye joto ili nipone. Nilikaa karibu mwezi mzima. Nawaambia, sikukohoa hata siku moja baada ya wiki ya kwanza! Nilinenepa. Nilikimbia mpaka watoto wa Milepa wakachoka kunifukuza. Shangazi akapiga vigelegele, na baba alipokuja kunichukua aliniangalia akatikisa kichwa kwa furaha.

Furaha yenyewe ndiyo iliyotaka kuniponza. Tukiwa njiani tunapanda milima ya Lyamba lya Mfipa, baba akiwa na mzigo wa samaki begani, aliniambia uamuzi wake. "Tunapita nyumbani kuchukua nguo zako tu. Baridi ya juu huiwezi. Utaishi kwa shangazi yako."

"Na shule, baba?"

"Shule ni kwa mtu aliye hai, Anastazia."

Baba hakuwa mtu wa kujibiwa. Lakini moyoni nilisema, haiwezekani. Kule Milepa wakati huo hapakuwa na shule ya kunifaa. Nilijua ningekaa kwa shangazi, nianue samaki, niolewe, basi. Siwadharau walioishi hivyo. Mimi nilitaka shule.

Tulilala mjini Sumbawanga, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akinunua samaki wa baba. Mke wake aliitwa Bi Zuhura, mama mnene, mcheshi, harufu ya iliki inamfuata kila aendako. Walitupa stoo mpya ya nyuma ya duka, bado tupu, sakafu ya saruji, dirishani kumetundikwa gunia. Baridi iliyokuwamo humo ni ileile ya kwetu, na pengine zaidi, maana hapakuwa na moto. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana. Lakini asubuhi nilipofungua macho nilisikia kitu cha ajabu, yaani sikusikia kitu. Filimbi haikuwapo. Pua kavu. Nilivuta pumzi mpaka mwisho, nikaitoa, nikavuta tena.

Bi Zuhura akatuita uani kwenye chai na vitumbua. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu, kula ushibe, mbona huna nyama?" Nikiwa nakula, paka wa dukani akaja akanirukia mapajani. Mwezi mzima nilikuwa sijamshika paka! Nikamkumbatia, nikamsugua shavu kama nilivyozoea kumfanyia Askari.

Kikombe cha chai sikukimaliza. Chafya ya kwanza ilimwagia vitumbua chai yote. Ya pili, ya tatu, ya nne. Macho yakaanza kuwasha kama yametiwa pilipili.

"We mtoto!" Bi Zuhura alishtuka. "Macho yamekuvimba hivyo, umelia?"

"Sijalia."

"Hebu mweke chini huyo paka. Mweke chini, nakwambia! Kanawe uso." Akanimiminia maji yeye mwenyewe. "Kaka yangu yuko hivi hivi. Akikaa na paka chumba kimoja, anapiga chafya mpaka unamhurumia. Akitoka nje, mzima kabisa. Damu yake na paka hazipatani. Tulihangaika na dawa miaka mingi, kumbe dawa ni kukaa mbali naye."

Nilisimama pale na uso umelowa. Nikahesabu kichwani kama nilivyofundishwa na mwalimu. Milepa, joto, hakuna paka: mzima. Stoo ya Bi Zuhura, baridi, hakuna paka: mzima. Uani, jua linawaka, paka mapajani: naumwa. Kijijini, Askari kifuani kila siku. Nikageuka kwa baba.

"Baba, usiku kulikuwa na baridi?"

"Baridi sana."

"Nilikohoa?"

Baba alimtazama paka, akanitazama mimi, akainuka kufunga mzigo wake. Njia nzima kurudi nyumbani hakutaja tena habari ya nguo zangu.

Kumwambia Bibi ndiyo ilikuwa kazi. Tulifika jioni, amenisubiri mlangoni na Askari mikononi, amefurahi, ananinyooshea paka nimpokee. Nikarudi nyuma hatua mbili. Nilimweleza yote, haraka haraka, bila adabu ya kupanga maneno, na kadiri nilivyoeleza uso wake ulizidi kubadilika.

"Kwa hiyo," alisema, "miaka yote hii, mimi ndiye niliyekuwa nakuua?"

Jamani. Mimi ni mzee sasa, nimezika wengi, lakini lile swali bado linanichoma. Nilimwambia hapana, Bibi, hatukujua. Hakunisikia. Alikaa chini akamweka Askari pembeni, na mikono yake ikabaki mapajani bila kazi.

Mama alisema labda Bi Zuhura amekosea. Jirani walisema haijasikika, paka kumtia mtu kifua, hao si ndio tuliolala nao tangu utoto? Nami nikashikilia. Nilimwambia baba, "Nipe muda mpaka mvua. Askari alale nje, kwenye vihenge. Nikiendelea kukohoa, nitakwenda Milepa kwa miguu yangu na sitalia." Baba alimgeukia Bibi, kwani paka ni wake na nyumba ni yake. Bibi alinyanyuka, akamchukua Askari, akamtengenezea kiota cha nyasi chini ya kihenge kikubwa, akarudi ndani akafunga mlango.

Na mimi nikaendelea kukohoa!

Siku ya tatu, nakohoa. Siku ya sita, nakohoa. Paka yuko nje, analia mlangoni arudishwe, na mimi ndani napiga filimbi yangu ileile. Jirani wakaanza kuchekelea: si tulisema? Mama akatoa mfuko, akaanza kukunja gauni zangu. Niseme wazi, hapo niliogopa. Lakini hesabu niliyoifanya uani kwa Bi Zuhura ilikuwa sahihi, na hesabu sahihi haibadiliki kwa sababu jirani anacheka. Kuna kitu nilikuwa nimekisahau, na niliazimia kukitafuta mpaka nikipate.

Nilikipata siku ya nane. Nilitoa blanketi nje kulikung'uta, jua la asubuhi likiwa upande wangu, na hewa yote ikajaa manyoya. Manyoya ya kijivu, membamba, yanaelea kama vumbi la ulezi. Nikapiga chafya kumi na moja. Nikapiga kelele kwa furaha, "Bibi! Bibi, njoo uone! Askari bado yumo ndani!"

Bibi alikuja, akalishika blanketi, akalitazama kwa karibu. Macho yake hayakuwa mazuri, alilazimika kuligusisha puani. Halafu akajifunga kanga kiunoni kwa nguvu. "Washa moto," alisema. "Leta mapipa."

Kazi iliyofanyika siku hiyo sijaiona tena. Tulichemsha mablanketi, tukayapiga juu ya mawe kijitoni mpaka mikono ikafa ganzi. Mikeka tuliianika, tukaipiga kwa fimbo. Kitanda cha kamba tulikifungua, Bibi akayachoma moto majani ya kigodoro, tukajaza majani mapya. Ukuta tuliusiriba upya, sakafu tukaipaka udongo mpya. Hata kanga aliyokuwa anambebea Askari aliitia kwenye chungu. Siku zilizofuata akaweka sheria: akishamlisha paka, ananawa mpaka viwiko na kubadili kanga kabla hajanigusa. Mimi sheria yangu ilikuwa moja, kumpenda Askari kwa macho. Alikuwa akija kujisugua miguuni, na mimi nikimkwepa. Yule mnyama hakujua amenikosea nini.

Baada ya siku nne nililala mpaka asubuhi bila kukohoa. Baada ya wiki mbili nilijificha kwenye kombolela na hakuna aliyenipata, mpaka wenzangu wakakasirika wakaenda kula.

Mvua ilianza Jumanne. Sista alikuja wiki ileile, gari lake limejaa matope, na safari hii amemleta mganga wa zahanati mwenye mpira wa kusikilizia kifua. Wakaniketisha kwenye kigoda mbele ya nyumba. Mganga akasikiliza mgongoni, akasikiliza mbele. Wakati huohuo Askari akatokea kihengeni, mkia juu, anakuja moja kwa moja kwangu. Nilikauka. Kabla sijapumua, Bibi, na uzee wake wote, alikuwa amemnyakua na kutokomea naye nyuma ya nyumba.

"Kohoa," mganga akasema.

"Sina cha kukohoa, bwana mganga."

Sista alicheka. Baba aligeuka akatazama mashamba, na mimi nikajua analia. Nikamweleza Sista habari ya paka, nisije nikapangiwa kulala karibu na stoo ya chakula ambako pengine wao nao walifuga wa kwao. Aliandika kwenye daftari lake. Pale shuleni nilikaa miaka minne, nikaenda ualimu, na kila nilipohamia nyumba mpya swali langu la kwanza lilikuwa lilelile, humu amewahi kulala paka, hata kabla ya kuuliza choo kiko wapi. Watu walinicheka. Nilipumua vizuri.

Likizo yangu ya kwanza ilikuwa mwezi wa sita, kwenye baridi yenyewe. Nilimkuta Askari chini ya kihenge, mzee, ameota manyoya mazito. Ndani nikamkuta Bibi amejikunja kando ya moto, amevaa soksi za babu. Mama akaninong'oneza kwamba miezi yote sipo, Bibi alikataa katakata paka kuingia, ingawa miguu ilimuuma kwa baridi asilale. Nikaenda nikamuuliza, "Bibi, mimi sikuwapo. Mbona hukumrudisha Askari akakupashe miguu?"

Alinitazama kama mtu anayemwona mtoto mjinga. "Unyoya wa paka haufi," alisema. "Nikimrudisha leo, wewe ukija utalala wapi?"

Siku hizi ugonjwa wangu una jina. Daktari kijana aliuita mzio, akaniandikia vidonge, na nilicheka kwa sababu ilichukua dakika tano tu. Mjukuu wangu hapa nyumbani ana paka, analala naye kitandani, anamwita mshikaji wake. Nikianza kupiga chafya anasema bila kuinua macho kwenye simu, "Bibi, meza kidonge, utakuwa poa." Nami nameza, na kweli nakuwa poa, sina ugomvi na vidonge. Usiku tu, mwezi wa sita ukiingia, nikishajifunika mablanketi yangu matatu, namkumbuka yule mzee na soksi zake za babu, paka wake analia nje ya mlango, na yeye hamfungulii, ananitunzia mimi mahali pa kulala.